Jukwaa la Katikati

Kazi ya miaka minne ilibakiza sahihi moja tu, na mwenye sahihi hiyo alikuwa amekwama mchangani.

Mhandisi Nkwimba Luhende aliyasukuma magurudumu ya kiti chake, yakazidi kuzama. Hatua thelathini mbele yake ulikuwa mlango wa Uwanja wa Ngoma wa Ibandilo, nje kidogo ya Mwanza, ukumbi wa kwanza nchini kukarabatiwa kwa fedha za Mfuko wa Milango Wazi ili yeyote asiyeona, asiyesikia au asiyetembea aingie humo kwa raha zake. Njia zote za humo ndani alizichora yeye, laini kama sakafu ya benki, na zote zilianzia mlangoni. Kipande hiki cha maegesho kilimponyoka. Mganga hajigangi, wahenga walisema, nao wahenga hawakuwahi hata kukiona kiti cha magurudumu.

"Nani huyo anayetukana mchanga wa watu asubuhi yote hii?"

Mwanamke wa makamo alikuwa anakuja kwa fimbo nyeupe, kitenge kimemkaa vizuri, kichwa kimeinamia upande kama mtu anayesikiliza redio. Nkwimba aliijua sauti ile kabla hajaujua uso. Alikuwa Holo Maduhu, mwenyekiti wa chama cha watazamaji wenye ulemavu wa Ibandilo, ambaye kwa miaka minne alikuwa akigombana naye kwenye vikao vya simu.

"Ni mimi, Mayu Holo. Nkwimba," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mhandisi!" Holo akacheka, akaipapasa mishikio ya kiti mpaka akaishika. "Umetujengea peponi, wewe mwenyewe umekwama kuzimu. Shika vizuri. Mimi nasukuma, wewe ona."

Wakaingia hivyo, kipofu anasukuma, kiwete anaelekeza, huku mlinzi wa getini akiwakodolea macho asijue kama acheke au apige saluti.

Ndani, uwanja ulikuwa umetandazwa udongo mwekundu ulioshindiliwa, mpana wa kutosha kulisha ng'ombe mia. Katikati yake kabisa lilisimama jukwaa lililoinuka kimo cha mtu, lenye njia za mteremko pande mbili na viti mia mbili na kumi na mbili. Viti vile havikuwa na miguu wala magurudumu. Kila kimoja kilielea juu ya mto wa hewa, shubiri moja kutoka chini, kikiongozwa kwa kidole, kwa kidevu au kwa pumzi, kulingana na mwili wa aliyekikalia. Nkwimba alipenda kuviangalia. Alikuwa na haki ya kuringa, naye aliringa.

Walipanda jukwaani, akamkalisha Holo kwenye kimoja na kumfunga mkanda kiunoni. Upande wa kushoto wachezaji wa Wagalu, moja ya makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, walikuwa wanajinoa kwa mashindano ya alasiri. Walivaa njuga miguuni kama walivyovaa babu zao, ila ndani ya kila njuga kilikaa kitambuzi kidogo kama punje ya mtama. Kitambuzi kilisoma mguu unavyoinuka na unavyotua, kikapeleka habari kwenye mkanda, na mkanda ukaichora ngoma nzima mgongoni na mbavuni mwa mtazamaji. Asiyeona alizipata hatua kwa ngozi. Asiyesikia aliupata mdundo ndani ya mifupa.

Holo alitulia tuli. Kisha mabega yakaanza kucheza yenyewe.

"Wapo kumi na wanane," alisema polepole. "Wa tatu kutoka mwisho anachechemea."

Nkwimba akatazama. Kweli, kijana yule alikuwa anauonea huruma mguu wake wa kulia.

"Mwanangu," Holo alisema, na sauti yake ilibadilika, "miaka thelathini na mmoja nimekuwa nikihadithiwa ngoma. Watu wananiambia, 'Wameruka, wameinama.' Leo sijahadithiwa." Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, halafu akauliza kama mtu anayeuliza choo kiko wapi: "Nikitaka kuhama, nabonyeza wapi?"

"Uhamie wapi, Mayu? Hapa ni katikati. Unapata pande zote mbili sawasawa. Hakuna mahali bora kuliko hapa."

"Katikati?"

"Katikati kabisa. Nimepima kwa nyuzi za mwanga."

Holo aliangua kicheko. Alicheka mpaka wachezaji wakasimama kumtazama, akakohoa, akacheka tena. "Binti wa Luhende," alisema alipopata pumzi, "baba yako alikufundisha nini?"

Usukumani ngoma haina majaji wa kukaa mezani. Wagika na Wagalu hupiga kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na watu huenda wanakovutwa. Wanaonja huku, wanaonja kule, wanahama, wanarudi. Baragumu likilia, kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo lililoshinda, na kura ni mahali mtu aliposimama. Anayekutwa katikati hajaamua kitu, na huimbiwa wimbo wa kumzomea mpaka atafute pa kwenda. Nkwimba aliyajua hayo yote kama anavyolijua jina lake. Aliyajua, akachora jukwaa katikati.

"Kuna Kanuni ya Saba," alisema, akihisi masikio yakimwaka. "Kiti hakitoki jukwaani onyesho likiendelea. Ni kwa usalama wenu."

"Nani aliyeiandika?"

"Mimi."

"Aha," alisema Holo, akaufungua mkanda taratibu.

* * *

Mkurugenzi wa Mfuko, Bwana Asajile, alitua na helikopta ya umeme saa saba mchana, koti begani, kishikwambi mkononi. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Alimkuta Nkwimba chini ya jukwaa, amejiinamia.

"Saini, mama, tukale sato," alisema. "Leo ni tarehe thelathini Juni. Saa kumi na mbili kamili mwaka wa fedha unakufa. Mfumo wa Hazina unajifunga wenyewe, haumsikilizi waziri wala askofu. Ukumbi wa kielelezo usipokuwa na cheti, fedha za zile kumbi arobaini zinarudi zilikotoka. Sinema ya Kigoma. Jumba la tamthilia la Songea. Makumbusho ya Kondoa. Wote wanakusubiri wewe."

"Kuna kosa."

"Kosa gani? Nimepita kila mahali. Hata choo kinazungumza."

Nkwimba akamweleza. Bwana Asajile alisikiliza kwa adabu, maana kwao Tukuyu hawana Wagika wala Wagalu, kisha akachuchumaa ili macho yao yalingane. Kwa jambo hilo Nkwimba alimheshimu siku zote.

"Nikuambie kitu. Dada yangu alikuwa hatembei. Nyumba yetu ilipakana na jumba la sinema lenye ngazi ishirini na mbili. Miaka yote aliisikiliza sinema kupitia dirisha la jikoni, akafa hajaiona hata moja. Ungempa nusu ya mlango, angeupokea kwa mikono miwili."

Nkwimba aliupapasa mkono wake wa kushoto. Yeye mwenyewe, akiwa na umri wa miaka sita, aliletwa kwenye ngoma kwa kiti cha mbao. Wagika walipotoa chatu, umati ulikimbia, kiti kikapinduka, akakanyagwa mpaka mkono ukavunjika. Tangu siku ile baba alimbeba begani. Baba alikuwa Mgika wa kufa na kuzikana, kwa hiyo na mtoto begani akawa Mgika. Alikoenda baba ndiko alikoenda Nkwimba, miaka yote, mpaka baba akazikwa. Hajawahi hata mara moja kuulizwa anataka kuhamia wapi, na kumbe ndiyo maana alipochora jukwaa swali hilo halikumjia. Alifikiria kuona. Alifikiria kutokanyagwa. Alitaka kuwabeba watu mia mbili na kumi na mbili begani.

"Kanuni inasema ukumbi wa kielelezo unaigwa," alisema. "Nikiusaini hivi, arobaini zitajengwa hivihivi. Nusu ya mlango mara arobaini."

"Na usiposaini, ukuta mara arobaini."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililouma.

"Nipe nafasi niione ngoma kwanza," Nkwimba alisema. "Mpaka saa kumi na moja."

* * *

Saa tisa alasiri watu elfu sita walikuwa uwanjani, na mavumbi yalishapanda juu ya vichwa. Jukwaa lilijaa. Wengine walikuwa wametoka Shinyanga na Maswa alfajiri, wamevaa kama wanakwenda harusini. Nkwimba naye alikuwa amehamia kwenye kimoja cha viti vile, na kando yake alikaa Sayi, fundi cherehani kiziwi mwenye vidole virefu, ambaye alikuwa amemwambia kwa lugha ya alama kwamba hajalala kwa hamu.

Ngoma zikaanza, kulia Wagika, kushoto Wagalu.

Mwanzoni Nkwimba alidhani mkanda wake una hitilafu. Mgongo mzima ulijaa miguu. Mdundo wa kulia ulipanda juu ya mdundo wa kushoto, hatua zikagongana, na kilichotoka hakikuwa ngoma hii wala ile. Kilikuwa makande yaliyopikwa na watu wawili wasiosemezana. Akamgeukia Sayi. Sayi alikuwa amekunja uso, mikono inakwenda haraka.

"Watu wote wananisemesha kwa pamoja," alisema kwa vidole. "Wa kulia anyamaze, au wa kushoto anyamaze."

Hapo Nkwimba alielewa. Mikanda ilijaribiwa Dodoma, kwenye maabara safi yenye kiyoyozi. Wagika walialikwa Jumatatu, Wagalu wakaalikwa Alhamisi, kwa sababu kuwaweka chumba kimoja kungeleta ugomvi. Mfumo ulifanya kazi vizuri siku zote mbili. Hakuna aliyekumbuka kwamba ngoma hizi hazijawahi kupigwa moja Jumatatu na nyingine Alhamisi. Mkanda uliongeza nguvu kadiri unavyokaribia kundi na kupunguza unavyoliacha, kwa hiyo mtu angetembea tu, kila kitu kingejipanga. Katikati, midundo yote miwili ilikuwa na nguvu sawasawa, kama alivyopima kwa nyuzi za mwanga.

Watu walianza kufungua mikanda. Mzee mmoja wa Maswa aliuweka wake mapajani, akaukunja vizuri kama tai, akatazama mbele.

Baragumu likalia mara ya kwanza. Ilikuwa hesabu ya mwanzo, ya kupimana nguvu kabla ya ile ya mwisho. Kwa desturi baragumu hulia mara tatu, na kabla ya la tatu asiyeamua ana nafasi ya kukimbia. Chini, watu walikimbia wakisukumana na kucheka. Droni za kuhesabu vichwa zikapanda, na ubao mkubwa ukawaka: Wagika elfu tatu mia moja na arobaini. Wagalu elfu tatu mia moja themanini na nane. Katikati, hawajaamua, mia mbili na kumi na mbili.

Umati uliona neno "katikati" tu. Wimbo ukalipuka wenyewe, kama unavyolipuka kila mwaka:

*Wa katikati, wa katikati,*
*umeitwa kulia, umeitwa kushoto,*
*wa katikati, miguu yako ina nini?*

Waliuimba mara moja na nusu. Kisha mtu mmoja akatazama juu, akaona ni akina nani walio katikati. Akamgusa mwenzake. Ukimya ulitambaa kutoka mbele kwenda nyuma, sauti moja baada ya nyingine, mpaka zikabaki mbili tatu za wasioona kilichotokea, nazo zikafa kwa aibu. Watu elfu sita waliinamisha vichwa. Mama mmoja chini ya jukwaa alijiziba mdomo kwa kanga.

Baragumu lililia la pili, likalia la tatu.

"Kwa nini wamenyamaza?" Holo aliuliza kwa sauti. Alikuwa amekaa safu ya mbele, fimbo mapajani. Akaigonga sakafu kwa fimbo. "Nauliza, kwa nini wamenyamaza? Miaka yote nikisimama katikati nilikuwa nazomewa kama mbwa! Nilikuwa natukanwa na ukoo wangu! Leo nimepewa kiti cha serikali, watu wananinyamazia kama maiti?"

Sauti yake ilikatika. Nkwimba alimsikia akilia, na hakikuwa kilio cha kuonewa huruma.

* * *

Saa kumi na nusu. Bwana Asajile alipanda jukwaani akihema.

"Usifanye ninachodhani unataka kufanya."

"Nafungua kufuli," Nkwimba alisema. Kishikwambi kilikuwa mapajani mwake, Kanuni ya Saba imewaka nyekundu.

"Nkwimba. Watu elfu sita wanakimbia huku na kule, na wewe unataka kuwamwagia wasioona mia moja katikati yao, kwenye viti vyenye mwendo wa baiskeli? Mmoja akiumia, cheti kimekufa. Imebaki saa moja na nusu. Hutapata cha pili."

"Najua."

"Utashtakiwa."

"Hilo nalo nalijua." Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado na pindo dogo pale ulipovunjika. "Bosi, ninaogopa kuliko wewe. Ndiyo maana niliwafungia. Lakini hofu ni yangu, kwa nini wailipie wao?"

Hakusubiri jibu. Alifungua kipaza sauti cha viti, chenye kusema na kutetemesha na kuandika kwa wakati mmoja.

"Ndugu zangu, mimi ni Nkwimba Luhende. Mimi ndiye niliyewaweka katikati, na nilikosea. Viti vyenu vinaweza kuondoka. Chini kuna watu wengi, kuna mavumbi, unaweza kugongwa na unaweza kugonga. Sina la kuwaahidi. Anayetaka kubaki abaki, hakuna atakayemcheka. Anayetaka kuhama, njia ni ya kulia na ya kushoto."

Akaweka kidole gumba kwenye kioo. "Fungua," alisema. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika. "Nimesema fungua!"

Kufuli mia mbili na kumi na mbili zililia kwa pamoja. Kwa muda mfupi hakuna aliyesogea. Kisha mzee wa Maswa akaukunjua mkanda wake mapajani, akaufunga kiunoni, akakinyanyua kiti chake, akateremka kulia bila kumtazama mtu.

Baada ya hapo ilikuwa kama zizi limefunguliwa. Viti vilimiminika kwenye miteremko yote miwili, vingine vimenyooka, vingine kwa mshazari, kimoja kinyumenyume mpaka mwenye nacho alipogundua. Nkwimba alikifuata kila kimoja kwa macho. Umati haukujua la kufanya. Wengine waliruka pembeni, wengine waligandia palepale.

Na nani alikuwa mbele ya viti vya kushoto, koti ameshatupa, tai imepinda, akipunga mikono yote miwili? Mkurugenzi wa Mfuko wa Milango Wazi.

"Pisheni!" alipayuka Bwana Asajile, sauti ya utingo wa lori la mahindi. "Pisha, kijana! Mama, mguu! Mguu, mama!"

Holo alikuja nyuma yake kwa kasi isiyo na kibali. Alikuwa anafuata mgongo wake, ambako Wagalu walikuwa wanazidi kuwa Wagalu kila alivyowakaribia, na furaha ilimtoa akili. Alimpita mkurugenzi, akapita kundi la wasichana, akamgonga mwanamume mmoja barabara kwenye muundi.

Nkwimba alifumba macho.

"We mama!" mwanamume alifoka, akirukaruka kwa mguu mmoja. "Huangalii unakokwenda?"

"Mimi ni kipofu!" Holo alimfokea naye. "Wewe mwenye macho mawili ulikuwa unaangalia nini?"

"Nilikuwa naangalia Wagika!"

"Ndiyo maana umegongwa!"

Watu waliowazunguka wakaangua kicheko, na mwanamume yule akaendelea kufoka, akamwita Holo dereva wa ng'ombe, naye Holo akamrudishia tusi la Kisukuma ambalo heri lisitafsiriwe. Nkwimba alifumbua macho. Yule mwanamume alikuwa anamgombeza Mayu Holo kama anavyogombezwa mtu yeyote.

Umati ulijifunza upesi. Baada ya robo saa viti vilikuwa vinahama na watu, vinaonja kulia, vinarudi kushoto, vinabishana njiani. Sayi alikuwa tayari amekwenda Wagalu, akakaa muda mrefu ameinamisha kichwa, kisha akageuza kiti akaenda Wagika. Nkwimba alimwona akifunga macho na kutabasamu.

Baragumu la hesabu ya mwisho likalia. Droni zikapanda. Ubao ukawaka: Katikati, hawajaamua, mmoja.

Elfu sita wakageuza shingo. Jukwaani, kati ya nafasi mia mbili na kumi na moja tupu, mhandisi wa Mfuko alikuwa peke yake na kishikwambi chake.

Safari hii hakuna aliyenyamaza. Aliyeanzisha alikuwa Holo, sauti inapasua kama tarumbeta, na uwanja mzima ukampokea:

*Wa katikati, wa katikati,*
*umeitwa kulia, umeitwa kushoto,*
*wa katikati, miguu yako ina nini?*

Waliuimba kwa midomo wazi, wakimnyooshea vidole, wakubwa kwa wadogo, wenye viti wakipiga mishikio kufuata mdundo. Nkwimba alicheka mpaka machozi yakamshuka shingoni. Hakuwahi kutukanwa vizuri namna ile maisha yake yote.

Baragumu likalia la pili. Akashtuka. Alikuwa na pumzi kumi hivi. Mkono wake ulielekea kulia wenyewe, kwa Wagika wa baba, ukasita. Kwa saa nzima mgongo wake ulikuwa unamwambia jambo, na hakuwa ameusikiliza. Kushoto kulikuwa na kitu ndani ya ile ngoma, jinsi wachezaji walivyochelewesha kutua kana kwamba ardhi inawaka.

"Utanisamehe, baba," alisema, akakiachia kiti kwenye mteremko wa kushoto.

Alishuka kama gunia la pamba. Watu walimpisha kwa kelele, kiti kikaruka juu ya kipande cha udongo kilichoinuka, kikatua, na baragumu la tatu likamkuta yupo ndani ya duara la Wagalu, mavumbi mdomoni, kofia imeshapotea.

* * *

Wagalu walishindwa. Wagika waliwazidi kwa watu kumi na tisa, na upande wa kulia uwanja ukapasuka kwa vigelegele.

Bwana Asajile alimfikia Nkwimba saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, suruali imeingia vumbi mpaka magotini.

"Majeruhi?" Nkwimba aliuliza.

"Muundi mmoja. Mwenye nao bado anagombana, kwa hiyo ni mzima." Akamkabidhi kishikwambi. "Nilitaka kukuambia kitu kuhusu dada yangu," alisema, akashindwa kukimaliza, akageuza uso pembeni.

Nkwimba aliifuta Kanuni ya Saba. Mahali pake aliandika kwamba ukumbi unaofunguka ni ule ambao kila aliyemo anaweza kuingia, kuhama na kuhesabiwa, na jukwaa la kudumu la wenye ulemavu haliruhusiwi mahali popote. Akasaini. Bwana Asajile akasaini chini yake. Hazina ikapokea, na kumbi arobaini zikapata fedha zao zikiwa zimebaki dakika sita.

Aliinua uso akitaka kufurahi kwa utulivu. Hakupewa nafasi. Manju wa Wagalu, Ng'walali, mwimbaji mkuu na mtunzi, jitu la mabega mapana lenye manyoya kichwani, alikuwa anakuja mbiombio huku jasho linamtiririka. Hakwenda kwa droni wala kwa waamuzi. Alikwenda moja kwa moja kwenye viti.

"Nyinyi!" aliunguruma. "Nyinyi wa viti! Nimehesabu! Zaidi ya mia walikuwa kwangu, wakaniacha! Wewe!" Kidole kikamwelekea Sayi. "Nilikuona! Ulikuwa kwangu, ukaenda kwa wale! Nimekukosea nini?"

Nkwimba alimtafsiria Sayi kwa mikono, neno kwa neno, pamoja na ile hasira. Sayi alimtazama manju kwa makini, kama anavyotazama suti iliyoshonwa na mtu mwingine. Kisha akajibu, naye Nkwimba akaisemea mikono yake.

"Ngoma yako ya pili inachelewa. Si sana. Upana wa uzi. Kwenye wimbo wa tatu ilichelewa mara nne, na nikasubiri irekebishwe. Haikurekebishwa."

Manju alifungua mdomo kumtukana. Halafu taratibu aligeuza kichwa kumtafuta mpiga ngoma ya pili. Mpiga ngoma alikuwa anakagua kucha zake.

"Upana wa uzi?" manju aliuliza.

"Upana wa uzi," Nkwimba alitafsiri.

"Kiziwi gani huyu!" alilia manju, ameshika kichwa. Halafu akaja karibu, akapiga goti mbele ya kiti cha Sayi, jicho kwa jicho. "Mwambie, mwakani ngoma ya pili napiga mimi mwenyewe. Mwambie akae karibu. Akiniacha tena, nitamtungia wimbo mpaka wajukuu zake waone aibu."

Sayi alisoma mikono ya Nkwimba. Akanyoosha mgongo kitini, akajishika kidevu, akafikiri kwa muda mrefu kupita kiasi mbele ya watu wote wale waliokuwa wanasubiri.

"Anasema," Nkwimba alitafsiri, "itategemea."

"Itategemea nini?" Holo alidakia kutoka nyuma, akimgonga Sayi begani kwa fimbo. "Msaliti mkubwa we! Kumi na tisa tu! Tumekosa watu kumi na tisa! Mhandisi, mwambie! Mwambie nimesema msaliti!"

Naye Nkwimba Luhende, Mgalu wa nusu saa, alimgeukia fundi cherehani akiwa na hasira ya kweli, akamwambia.